Umeme unaomuua fundi na umeme unaoiua kompyuta

Mwanafunzi anayeingia karakana ya kompyuta kwa mara ya kwanza hupewa amri mbili zinazogongana. Anayemfundisha kufungua mashine humwambia: kabla hujagusa madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, jiunganishe na ardhi, vaa bangili ya kuzuia umeme tuli, shika bati la kesi. Anayemfundisha umeme humwambia kinyume chake: ukiwa karibu na stima usishike ardhi, vaa viatu vya raba, simama juu ya mkeka, mkono mmoja uwe mfukoni.

Amri zote mbili ni sahihi. Lakini asiyeelezwa ni kwa nini zote ni sahihi huishia kufanya moja ya makosa mawili. Ama ataunguza RAM (kumbukumbu) ya mteja bila kujua, ama siku moja atafungua pawasaplai, kile kisanduku kinachoilisha mashine umeme, ikiwa bado na stima, huku amejifunga kwa waya kwenye ardhi. Katika karakana kuna umeme wa aina mbili wenye tabia tofauti, na waya mmoja, ule wa kijani chenye mstari wa njano, unahusika na wote wawili. Ukiuelewa waya huo, sheria nyingi za karakana hujieleza zenyewe.

Stima ya ukutani

Kenya hutumia volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde. Watu huogopa volti, lakini kinachoamua hatima ya mtu ni mkondo unaopita mwilini mwake na njia unayopitia. Miliampea 1 huhisiwa kama kuwashwawashwa. Kati ya 10 na 20, misuli ya mkono hujikunja na kukataa kufunguka; ndiyo maana husemwa kwamba stima "imemshika" mtu, ingawa kwa kweli ni vidole vyake mwenyewe vilivyoushika waya. Kufikia 30 pumzi huwa za shida, na kati ya 50 na 100 moyo huweza kupoteza mapigo yake na kubaki ukitetemeka ovyo bila kusukuma damu. Ngozi kavu huzuia mkondo kwa kiasi kikubwa. Ngozi yenye jasho au maji huuachia: ukinzani wa mwili ukishuka hadi omu 1,000, volti 240 zitapitisha miliampea 240.

Sasa linganisha na fyuzi ya plagi. Ampea 13 ni miliampea 13,000. Fyuzi hiyo inaweza hata kubeba ampea 20 kwa muda mrefu kabla ya kukatika. Kazi yake ni kuulinda waya usiungue na kuichoma nyumba. Uhai wa mtu haumo katika hesabu zake. Wengi hawalijui hili, hata baadhi ya mafundi wenye miaka kazini.

Na kwa nini ardhi ni hatari hapa? Kwenye mfumo wa usambazaji, nyutro, yaani waya unaorudisha mkondo, imeunganishwa na udongo kwa makusudi. Kwa hiyo mkondo unaotoka katika waya wa moto, ule unaoleta umeme, una njia mbili za kurudi ulikotoka: nyutro, au udongo. Anayegusa waya wa moto akiwa amesimama peku kwenye sakafu ya saruji yenye unyevu amejifanya njia ya pili. Viatu vya raba na mkeka mkavu huikata njia hiyo. Mkono kuwekwa mfukoni huizuia njia mbaya zaidi ya zote, ile ya kutoka mkono hadi mkono, inayopita kifuani.

Kifaa kinachomlinda mtu ni kikatio cha umeme unaovuja, ambacho mafundi hukiita RCD. Hupima mkondo unaokwenda na unaorudi. Tofauti ikifika miliampea 30, maana yake kuna umeme unaotorokea ardhini, pengine kupitia mwili wa mtu, nacho hukata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Karakana ya mafunzo isiyo na RCD kwenye soketi za meza haifai kupokea wanafunzi. Kibonyezwe kitufe chake cha majaribio kila mwezi. Kisipokata, kibadilishwe na fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya.

Hata hivyo RCD ina upofu wake. Ukishika waya wa moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, umevaa raba, mkondo wote unaokwenda unarudi, na kwa RCD wewe ni balbu tu. Haitakata. Vilevile haioni umeme uliokwisha kuhifadhiwa ndani ya kapasita za pawasaplai, vile vijenzi vinavyotunza chaji.

"Fundi, hii mashine inanipiga"

Hili ni lalamiko la kawaida sana Nairobi, hasa kwa wanaokaa nyumba za kukodi zilizosukwa nyaya kwa haraka. Mtu anagusa skrubu ya kesi au pembe ya bati la laptopu na anahisi mtetemo. Fundi anachukua bisibisi ya testa, taa inawaka, anasema pawasaplai imevuja, anauza nyingine. Mteja anarudi baada ya siku mbili: mashine bado inampiga.

Ndani ya pawasaplai, pale umeme unapoingilia, kuna kapasita ndogo mbili za kuchuja kelele za umeme. Moja hutoka waya wa moto kwenda kwenye bati la kesi, nyingine hutoka nyutro kwenda kwenye bati hilo hilo. Zimewekwa kwa makusudi, na zimepangwa hivyo kwa kutegemea kwamba waya wa ardhi upo na utayachukua matone yanayopita. Waya wa ardhi ukikosekana, kapasita hizo mbili hugawana volti 240 katikati, na bati huelea karibu na volti 120. Mkondo wake ni mdogo, kwa kawaida chini ya miliampea 1 kwa mashine moja, kwa hiyo hushtua tu. Testa huwaka kwa mkondo mdogo kuliko huo, ndiyo maana humdanganya fundi. Lakini mashine sita kwenye ekstensheni moja isiyo na ardhi hujumlisha mivujo yao, na mtu anayegusa bati la mojawapo hupata yote kwa pamoja. Hapo si mtetemo tena.

Kwa hiyo mashine inayopiga mara nyingi ni nzima. Kilichokufa ni ardhi. Hutafutwa kwa mpangilio huu: kebo, plagi, ekstensheni, soketi.

Soketi zetu za pini tatu bapa zina vifuniko vya ndani vinavyofunguliwa na pini ya ardhi, ambayo ni ndefu kuliko zile mbili ili iingie ya kwanza na kutoka ya mwisho. Watu wamezoea kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu ili kuvifungua, kisha wanaingiza plagi ya pini mbili za mviringo. Kama plagi hiyo imetoka bara la Ulaya na ina vipande vya chuma pembeni, vipande hivyo ndivyo ardhi yake, na kwenye soketi yetu havigusi kitu. Mashine inawaka vizuri kabisa na haina ardhi hata chembe. Dawa yake ni kebo ya pini tatu yenye fyuzi ya kweli. Laptopu yatosha fyuzi ya ampea 3. Kompyuta ya mezani iwekewe 5, maana huvuta kwa nguvu sana pale inapowashwa. Ukifungua plagi ukakuta msumari au karatasi ya fedha ya sigara mahali pa fyuzi, usiirudishe hivyo hata kama mteja ana haraka.

Kupima soketi kunahitaji mita yenye alama ya usalama ya CAT II au CAT III, na msimamizi pembeni kwa anayejifunza. Moto kwa nyutro isome takribani 240. Moto kwa ardhi isome karibu sawa. Nyutro kwa ardhi isome volti chache tu, chini ya 3 au 4. Moto kwa ardhi ikisoma namba inayoyumba, labda 90, labda 140, ardhi haipo.

Kuna udanganyifu mmoja ambao vipimo hivi vitatu haviuoni, nao ni hatari kuliko kukosa ardhi. Mtu hufunga kipande cha waya nyuma ya soketi kati ya nyutro na ardhi, na namba zote zinakuwa nzuri. Siku nyutro ikikatika huko nyuma, kila bati la mashine lililochomekwa hapo hupanda hadi volti 240 kamili. Kuugundua, chomeka mzigo mkubwa kwenye soketi ya jirani ya waya huo huo, kwa mfano birika la stima la wati 2,000, kisha pima nyutro kwa ardhi tena. Soketi nzuri itapanda kidogo, volti moja au mbili. Ikibaki 0.0 huku birika likichemka, usiichomekee chochote mpaka fundi wa stima aifungue.

Neno kuhusu zile mita ndogo za njano za bei nafuu zinazouzwa barabara ya Luthuli, Nairobi: nyingi hazina fyuzi kwenye tundu la ampea 10. Ukisahau ncha nyekundu ndani ya tundu hilo baada ya kupima mkondo, kisha ukapima soketi, umeunganisha moto na nyutro kwa kipande cha shaba. Mita hulipuka mkononi. Zitumie kwa volti 12 kushuka chini, si ukutani.

Umeme tuli

Huu wa pili haumuui mtu. Hujikusanya mwilini kwa msuguano: sweta ya nailoni, kiti cha plastiki, zulia. Januari na Februari, Nairobi ikiwa kavu, huongezeka. Mtu huanza kuhisi cheche zake zikifika takribani volti 3,000, ilhali baadhi ya vijenzi huharibiwa na volti zisizofika 100. Maana yake unaweza kuiua chipu mara nyingi bila kuhisi chochote. Mara nyingi haifi papo hapo: hujeruhiwa, mashine inawaka, mteja anaondoka, na baada ya wiki kadhaa inaanza kuganda bila sababu. Ndiyo maana mafundi wengi huapa kwamba umeme tuli ni hadithi za vitabuni. Hawajawahi kuiona maiti.

Kinga yake ni bangili, na hapa ndipo zile amri mbili zinapopatana. Ndani ya waya wa bangili kuna rezista, kijenzi kinachozuia mkondo, ya omu milioni 1. Umeme tuli ni kidogo sana kwa wingi, kwa hiyo hupita hapo na kuisha kabla hujapepesa macho. Lakini ukigusa volti 240 kwa bahati mbaya, rezista hiyo hiyo itauzuia mkondo unaopita kwenye bangili usizidi miliampea 0.24, ambao hata hutauhisi. Tatizo ni kwamba zipo bangili zilizotengenezwa bila rezista, waya mtupu toka mkono hadi klipu. Ipime kabla ya kuivaa: kati ya kitufe na klipu isome karibu na omu milioni 1. Ikisoma sifuri ni mnyororo wa kukufunga kwenye ardhi, itupe. Bangili zisizo na waya kabisa hazina kazi.

Jambo lingine ambalo halielezwi vya kutosha: umeme tuli hauhitaji udongo. Unahitaji wewe na mashine muwe sawa, pasiwe na tofauti ya volti kati yenu. Bangili iliyobanwa kwenye bati tupu la kesi, mahali pasipo rangi, inatosha, hata kama kesi imechomolewa ukutani. Kwa hiyo ile desturi ya zamani ya kuiacha kebo imechomekwa na swichi ikiwa imezimwa, eti ardhi ibaki, haina lazima. Tena ina hatari, kwa kuwa soketi iliyogeuzwa nyaya huikata nyutro na kuuacha moto ukiingia ndani ya mashine.

Kanuni basi ni fupi. Kebo ikichomolewa, bangili inavaliwa. Bangili ikivuliwa, kebo inachomekwa. Kamwe visiwepo vyote viwili.

Kufungua mashine

Chomoa kebo kutoka kwenye mashine yenyewe. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili mabaki ya umeme yaishe, kisha tazama kama kuna taa ndogo kwenye madabodi. Ikiwa bado inawaka, volti 5 za kusubiri, zile zinazobaki hata mashine ikizimwa, bado zipo, na RAM ikichomolewa wakati huo huenda isirudi ikiwa hai. Kwa laptopu, ukifungua mgongo, kitu cha kwanza kabisa ni kuchomoa plagi ya betri, kabla hata ya kugusa feni.

Vumbi la Nairobi si la kudharauliwa. Mashine iliyotoka duka la Gikomba au ofisi ya kando ya barabara ya murram huwa na blanketi jekundu kwenye kipozajoto, na vumbi likipata unyevu hupitisha umeme. Tumia bloa umbali wa sentimita 20 au zaidi, nje ya chumba, na ushike mapanga ya feni kwa kidole. Feni ikiachwa izunguke kwa upepo wa bloa huvuka kasi yake, beringi huumia, na yenyewe hugeuka jenereta ndogo inayorudisha umeme kwenye madabodi. Kifyonza vumbi cha nyumbani hakifai, mrija wake wa plastiki hutengeneza umeme tuli.

Hapa kwetu joto lina sababu ya ziada. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita. Feni ile ile kwa kasi ile ile husukuma hewa pungufu, kwa hiyo mashine iliyokuwa ikijimudu Pwani huweza kuchemka huku ingawa kuna baridi. Pesti ya kupitisha joto iliyokauka kwenye prosesa haina msamaha hapa. Ifutwe kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Ile ya asilimia 70 ya duka la dawa ina maji mengi, na petroli huharibu plastiki na kuwaka. Weka pesti mpya kiasi cha punje moja ya dengu katikati, kisha kaza skrubu za kipozajoto kwa mshazari, kila moja kidogo kidogo. Pesti nyingi haipozi zaidi. Humwagika pembeni, na zile zenye chembe za chuma huweza kuleta shoti.

Betri ndogo ya madabodi, CR2032, ni ya volti 3. Ikishuka hadi 2.7 au chini ya hapo, ibadilishe. Dalili yake ni saa kurudi nyuma kila stima inapopotea, na mteja atalalamika kwamba tovuti zinamkatalia, kwa sababu kompyuta inaamini bado ni mwaka fulani wa zamani na kukataa vyeti vya usalama vya tovuti hizo.

Betri ya laptopu iliyovimba ni jambo jingine kabisa. Usiibonyeze irudi, usiitoboe, usiichaji. Ichomoe, iweke ndani ya ndoo ya mchanga mkavu nje ya nyumba, na uipeleke kwa wanaoshughulikia taka za elektroniki kama WEEE Centre hapa Nairobi.

Pawasaplai

Ushauri kwa anayejifunza ni huu: ipime, usiifungue. Umeme wa ukutani ukishageuzwa kuwa wa moja kwa moja, kapasita kubwa za ndani hubeba volti karibu 340, na katika pawasaplai za kisasa zinazosahihisha mkondo, hadi 400. Rezista za kuzimaliza huwa zimewekwa, lakini pawasaplai inayoletwa karakana ni mbovu, na huenda kilichokufa ni rezista hizo hizo. Kapasita inaweza kubaki imejaa mashine ikiwa imechomolewa na iko mezani peke yake. Anayelazimika kufungua, akiwa amefundishwa, hupima kwanza kwa mita, kisha humaliza chaji kwa rezista ya takribani omu 2,200 yenye wati 5 hadi 10, nyaya zake zikiwa zimefunikwa, kisha hupima tena. Kuzigusisha kwa bisibisi hurusha chuma kilichoyeyuka na hupasua kapasita.

Kabla ya hayo yote, tazama nyuma ya pawasaplai za zamani. Kuna swichi nyekundu ndogo ya 115 na 230. Mashine iliyotumika Marekani hufika ikiwa kwenye 115, na mpangilio huo huongeza volti maradufu kwa ndani. Ukichomeka hapa, utasikia mlio kama risasi na chumba kitajaa moshi. Hakuna kurudi nyuma baada ya hapo.

Kuijaribu pawasaplai ya kawaida ya pini 24 nje ya mashine, unganisha waya wa kijani na wowote mweusi kwa kipande kifupi cha waya, ukifanya hivyo kabla ya kuichomeka. Iwekee mzigo mdogo, kwa mfano feni au diski ya zamani. Nyaya za njano zisome kati ya volti 11.4 na 12.6, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25, rangi ya chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Zambarau ni volti 5 za kusubiri, na huwepo hata kabla ya kuunganisha kijani. Angalia rangi zisikuchanganye: nyekundu na nyeusi humu ndani ni volti 5 na sifuri, lakini kwenye majengo ya zamani ya River Road nyekundu ni moto wa 240 na nyeusi ni nyutro yake.

Tahadhari kwa zile za ex-UK, yaani mashine zilizotumika Uingereza. Nyingi za Dell na HP za ofisini zina plagi zao wenyewe za pini 6 au 8, na mpangilio wa nyaya si huu. Tafuta mchoro wa modeli husika. Plagi ikiingia bila kulazimishwa haina maana kwamba nyaya zinalingana.

Pawasaplai au chaja unayoishuku usiichomeke moja kwa moja ukutani. Tengeneza balbu ya sirizi: balbu ya zamani ya waya wa ndani, wati 60 hadi 100, ikiwa kwenye waya wa moto kabla ya soketi ya majaribio, yote ndani ya boksi lililofungwa. Ukichomeka kifaa kizima, balbu huwaka mara moja na kufifia. Kifaa chenye shoti huiwasha balbu kwa mwanga kamili na kuiacha hivyo, na badala ya mlipuko unapata taa. Balbu za LED hazifanyi kazi hii.

Meza na watu wake

Katika vibanda vya eksibisheni mjini, mafundi wanne hushiriki soketi moja. Piga hesabu kabla ya kuchomeka. Ampea 13 mara volti 240 ni takribani wati 3,100. Bloa ya joto wati 700, chuma cha kuchomelea wati 60, mashine tatu wati 600: hizo zinabebeka. Ongeza birika la chai la wati 2,000 na umevuka, na fyuzi, kama tulivyosema, haitakata upesi. Kitakachochemka kwanza ni ekstensheni. Waya wake uwe wa milimita mraba 1.25 angalau, ukunjuliwe wote, na usichomekwe ekstensheni juu ya ekstensheni.

UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia stima ikipotea, huwachanganya wengi. Ukiichomoa ukutani, soketi zake za nyuma bado zina volti 240 kutoka kwenye betri, na wakati huo huo umeikata ardhi yake. Izime kwa kitufe chake, kisha ichomoe, kisha uthibitishe kwa mita. Na kuthibitisha maana yake ni hatua tatu: jaribu mita mahali unapojua pana umeme, pima unapotaka kugusa, rudi ujaribu mita tena. Mita iliyokufa husoma sifuri kila mahali.

Chuma cha kuchomelea kiwe kati ya nyuzi 320 na 350. Moshi wake hutoka kwenye dawa iliyomo ndani ya risasi na huumiza mapafu, kwa hiyo feni ndogo iuvute pembeni. Risasi yenyewe hubaki vidoleni. Nawa kwa sabuni kabla ya kushika chapati. Kizima moto kiwe cha kabonidayoksaidi, na swichi kuu ifikike bila kuruka juu ya kitu.

Mwenzako akishikwa na stima, usimguse. Kata swichi kuu. Ikiwa iko mbali, msukume kwa fimbo kavu ya mbao. Akiwa hapumui, mwite mtu apige 999, 112 au 1199 ya Msalaba Mwekundu, nawe uanze kukandamiza kifua katikati, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache mpaka msaada ufike. Hata akiinuka mwenyewe na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali, kwa kuwa mapigo ya moyo huweza kuvurugika baadaye.

Kabla ya kumrudishia mteja

Mashine ikishafungwa, kuna kipimo kimoja kinachochukua nusu dakika na ambacho wachache hukifanya. Ikiwa imechomolewa, weka mita kwenye omu. Gusanisha ncha zake mbili na ukumbuke inasoma ngapi, pengine 0.3. Sasa weka ncha moja kwenye pini ndefu ya plagi, nyingine kwenye skrubu tupu ya kesi. Ukitoa ile 0.3, ibaki chini ya omu 1. Tikisa kebo yote huku ukitazama, hasa pale inapoingia kwenye plagi na pale inapoingia kwenye mashine. Namba ikiruka, waya wa ardhi umekatika ndani ingawa kompyuta inawaka kama kawaida. Kisha pima pini ya moto na pini ndefu, halafu nyutro na pini ndefu: mita isionyeshe njia yoyote.

Kebo iliyofeli mpe mteja nyingine na umwonyeshe kwa mita ni kwa nini. Ile mbovu ikate vipande viwili kwa koleo kabla ya kuitupa, maana ikiachwa nzima kwenye pipa, kuna mtu ataiokota na kuichomeka.